Sensa Inapouliza Ugonjwa

Kwa karne nyingi watawala walihesabu watu ili wapate kodi na askari. Mgonjwa hakuwa na faida kwa lolote kati ya hayo, hivyo hakuulizwa habari zake. Mambo yalianza kubadilika katika karne ya 19, na mwanzo wake ulikuwa mbaya.

Marekani iliwahesabu viziwi na vipofu mwaka 1830. Mwaka 1840 ikaongeza wagonjwa wa akili, ikiwatenga Weupe na Weusi. Fomu ilijaa safu nyembamba, na makarani wengi wakaandika wagonjwa Weupe katika safu za Weusi. Matokeo yalipotoka, ilionekana kwamba katika jimbo la Maine, ambako hakukuwa na utumwa, Mweusi mmoja kati ya 14 alikuwa na wazimu, ilhali Kusini, kwenye utumwa, alikuwa mmoja kati ya 1,558. Daktari Edward Jarvis wa Massachusetts alizikagua hesabu hizo mji kwa mji. Alikuta miji iliyoandikiwa wendawazimu Weusi wakati haikuwa na Mweusi hata mmoja, na huko Worcester wagonjwa 133 wa hospitali ya akili, Weupe wote, walikuwa wamegeuzwa Weusi. James McCune Smith, daktari Mweusi wa New York, naye alizipinga takwimu hizo kwa hoja nzito. Haikusaidia. Mwaka 1844 waziri wa mambo ya nje, John Calhoun, alizitumia katika barua kwa balozi wa Uingereza kudai kwamba uhuru unamharibu Mweusi akili, na kwamba utumwa ni hifadhi kwake. Serikali haikuzisahihisha kamwe. Kila anayetaka sensa iulize magonjwa aanze kwa kuisoma habari hii, kwa maana takwimu za wagonjwa ziligeuzwa silaha dhidi ya watu waliohesabiwa.

Ireland ilikuwa na sababu tofauti ya kuwahesabu wagonjwa. Njaa kuu ilikuwa imepunguza watu wake kutoka zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 hadi takriban milioni 6.5 mwaka 1851. Katika sensa ya mwaka huo wa pili, daktari William Wilde, baba wa mwandishi Oscar Wilde, alisimamia kazi ya kuorodhesha wagonjwa, majumbani na hospitalini. Hapo walau ugonjwa uliulizwa na tabibu.

Uingereza iliuliza habari za vipofu na viziwi tangu 1851, ikaongeza magonjwa na udhaifu wa akili mwaka 1871, kisha ikaacha baada ya 1911. Wakuu wa takwimu walikuwa wamechoka kupata majibu yasiyoaminika: mzazi gani angemwandika mwanawe kuwa punguani? Marekani ilifika mbali zaidi mwaka 1890, ikataka jina la ugonjwa sugu na muda ambao mtu ameugua. Sehemu kubwa ya fomu hizo iliharibiwa na moto wa mwaka 1921.

Swali lilirudi Uingereza mwaka 1991, safari hii likiuliza kama kuna ugonjwa wa muda mrefu unaomzuia mtu katika shughuli zake. Australia ikafuata katika sensa ya Agosti 2021. Iliorodhesha magonjwa 10, yakiwemo pumu, kisukari, saratani, kiharusi na ya figo, na watu zaidi ya milioni 8 wakajibu kwamba wana angalau ugonjwa mmoja wa kudumu. Yaliyoongoza yalikuwa matatizo ya afya ya akili, watu zaidi ya milioni 2.2.

Swali la Australia lilikuwa hivi: je, daktari au muuguzi amewahi kumwambia mtu huyu kwamba ana ugonjwa fulani? Kwao linafaa. Lipeleke katika kijiji ambacho zahanati yake haina kipimo cha sukari, na wakazi wote watatoka wazima. Ramani ya kisukari itakuwa ramani ya vipimo, na dawa zitapelekwa mjini, ambako tayari zipo.

Afrika Mashariki haianzi mikono mitupu. Sensa ya Tanzania ya 2012 iliwahesabu watu wenye ualbino, ambao si wagonjwa, katika miaka ambayo familia ziliwaficha kwa hofu ya mauaji. Kenya ikafanya hivyo mwaka 2019. Nchi zote mbili pia huuliza kama mtu anapata shida kuona, kusikia, kutembea au kukumbuka, maswali ambayo mtu hujibu bila kupimwa na daktari.

Naamini magonjwa sugu yaongezwe, presha, kisukari na selimundu yakitangulia. Lakini karani aulize kwanza lini mtu alipimwa mara ya mwisho, kisha aulize ugonjwa. Na kila mtu mzima ajibu mwenyewe, faragha. Mkuu wa kaya anayejibia wote hawezi kujua dawa ambazo mkwewe anazificha chini ya godoro.