Wimbo ukikatazwa: toka kaseti za panki mpaka simu zetu

Tarehe 13 mwezi wa pili 2025, mwanamuziki Delcat Idengo alipigwa risasi na kufa mjini Goma, wiki mbili na kidogo baada ya mji huo kuangukia mikononi mwa M23. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametoa wimbo "Bunduki". Habari ya kifo na wimbo wenyewe vilitembea pamoja, simu kwa simu.

Idengo hakuwa mtu wa panki. Lakini njia aliyopita ilikwisha pitwa na vijana wa Uingereza, wapiga gita la makelele na wasema wakubwa hadharani. Mwaka 1977 kundi la Sex Pistols lilitoa "God Save the Queen". BBC ilikataa kuupiga, na bado ukapanda hadi nafasi ya pili kwa mauzo. Mwaka huohuo kundi la Buzzcocks lilijitolea sahani yake lenyewe, bila kungojea kampuni. Magazeti yao yalikuwa fotokopi. Nyimbo zikanakiliwa kwa kaseti, mkono kwa mkono.

Kaseti hata sisi tunazijua. Mwaka 1978, wakati wa Zaire, Franco alifungwa kwa ajili ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu, na watu walizitafuta tu.

Kisha ikaja intaneti. Mwezi wa kumi na moja 2021, tume ya sensa mjini Kinshasa ilikataza "Nini Tosali Te" wa kundi la MPR, vijana waliojipa kwa kejeli jina la chama cha Mobutu. Wimbo ulikuwa tayari YouTube. Nani angeuondoa huko? Baada ya siku chache katazo liliondolewa, na hata asiyekuwa na habari nao alikwisha kuusikiliza.

Ila fotokopi ilitembea polepole, kwa miguu. Simu haichagui mzigo: familia zilizokimbia Minembwe zinajua ni sauti gani zingine zilizopitia humo, za kutukana jirani na kuchochea watu. Tena simu inaonyesha sura. Idengo alikamatwa Beni tangu 2021 kwa ajili ya nyimbo zake. Mwanzoni mwa 2025 alitoka gereza la Munzenze, Goma ilipoanguka, wafungwa walipotoroka. Hakwenda mbali. Alibaki mjini, akaendelea kuimba, na uso wake kila mtu alikuwa nao mfukoni.