Nyumba Iliyopanda Ngamia

Miongoni mwa wafugaji Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, fundi wa nyumba ni mwanamke. Binti akiposwa, mama yake, mashangazi na majirani humwandalia aqal, nyumba inayohamishika, nayo huwa mali yake. Ndoa ikivunjika, anayetafuta pa kulala ni mume.

Matayarisho huchukua miezi. Fito na mizizi ya migunga hupindwa, ikakaushwa ikiwa na umbo la upinde. Magome ya mti wa galool huambuliwa na kupondwa mpaka yatoe nyuzi, kisha zikasukwa kuwa mikeka mizito iitwayo herio. Wanawake husuka pamoja huku wakiimba nyimbo za kazi, na ndani ya nyimbo hizo mume mvivu hupata haki yake.

Malisho yakiisha, wenye nyumba huivunja wenyewe asubuhi moja. Hapo ndipo akili ya ufundi huu huonekana: ile mikeka iliyokuwa paa hugeuka tandiko la ngamia, na fito zilizopinda huinuka ubavuni mwa mnyama kama kingo za mashua, watoto na wazee wakaketi katikati. Pembeni huning'inia vyombo vya maziwa vilivyofukizwa moshi, maziwa yasiharibike upesi njiani.

Ukoloni uliufanya mwendo huu uwe mgumu. Mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha maeneo haya, ilifungwa; kuingia na kutoka kukahitaji kibali. Lakini pigo zito, kwa maoni yangu, lilikuja baada ya uhuru. Katika vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya wafugaji kwenye vijiji vyenye ulinzi, na mifugo mingi ikafa au ikatwaliwa. Aqal bila ngamia haiendi popote. Familia nyingi zilibaki kandokando ya miji, na anayekaa mahali pamoja ana haja gani ya mikeka ya kubebwa?

Hata hivyo fito hazikutupwa. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa kuanzia 1991, wakimbizi kutoka Somalia walijenga nyumba zilezile zenye umbo la kuba, safari hii zikafunikwa maturubai, matambara na magunia. Mikeka ya kusukwa, kwa upande wake, imehamia kumbi za arusi: aqal ndogo husimamishwa kama pambo, na akina mama hughani buraanbur, ushairi wa wanawake, mbele yake. Bi arusi hupigwa picha mlangoni, kisha huenda kulala kwenye nyumba ya matofali, ambayo mara nyingi hati yake ina jina la mume.