Mambo Yanayoathiri Kiasi na Ubora wa Nyama ya Ng'ombe

Ng'ombe wa asili wa Tanzania anapochinjwa, mzoga ulioondolewa ngozi, kichwa, miguu na matumbo huwa takribani nusu ya uzito aliokuwa nao akiwa hai, na humo bado mna mifupa. Kosaafu, umri na malisho huchangia. Aliyenenepeshwa hutoa mnofu mwingi kuliko aliyekonda mwishoni mwa kiangazi.

Hasara iliyo rahisi zaidi kuepukika, hata hivyo, hutokea safarini. Ng'ombe anayesafirishwa kwa lori kutoka Shinyanga hadi mnada wa Pugu, jijini Dar es Salaam, akikosa maji na mapumziko, humaliza sukari iliyohifadhiwa katika misuli. Sukari hiyo ndiyo hugeuka asidi baada ya kuchinjwa na kushusha pH ya nyama kutoka takribani 7 hadi 5.6. Isipotosha, pH hubaki juu ya 6. Nyama hukoza kuelekea weusi, mnunuzi akadhani ni ya mnyama mzee, na huharibika upesi hata jokofuni. Palipochubuliwa kwa fimbo hukatwa na kutupwa.

Kabla ya kuchinjwa, mifugo ipumzishwe na kunyweshwa maji. Chakula pekee ndicho huzuiwa kwa saa kadhaa, ili tumbo lililojaa lisipasuke na kuchafua mzoga.