Shingo ya Mpagazi

Historia ya Unyamwezi tumezoea kuiandika kwa kufuata pembe za ndovu, bunduki na watemi. Leo napendekeza tuifuate shingo.

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora, kisha ikaelekea magharibi, upande ziliko leo Urambo na Kaliua. Mpagazi alibeba takribani frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Watu wa pwani walizoea kujitwika kichwani. Wanyamwezi walibeba begani. Mtumwa alifungwa kongwa, mti wenye panda uliobana koo. Na mwaka 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alipojilipua kwa baruti bomani mwake, Wajerumani walimkuta angali na pumzi, wakamnyonga. Biashara na dola, vyote viliegemea shingo ya Mwafrika.

Elimu ya tiba nayo haikujitenga na historia hiyo. Mwaka 1913 mwanaanatomia Frederic Wood Jones alieleza katika jarida la The Lancet jinsi pingili ya pili ya shingo inavyovunjika kwa mtu anyongwaye. Mifupa aliyoichunguza ilikuwa ya wafungwa walionyongwa Rangoon, chini ya utawala wa Uingereza. Mwaka 1965 madaktari wa Marekani waliliona vunjiko kama hilo kwa majeruhi wa magari, wakalipa jina la mnyongaji. Mwaka 1920 Geoffrey Jefferson alikuwa amekwisha kueleza jinsi nguvu inayoshuka utosini inavyoipasua pete ya pingili ya kwanza.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi akatoweka njiani, lakini shingo haikutoka hatarini. Leo mrina asali huporomoka kutoka mtini ulipo mzinga. Abiria wa bodaboda hutupwa kichwa chini. Kibarua huangukiwa na robota la tumbaku.

Vunjiko la pingili mbili za juu lina hila. Nafasi ya uti wa neva mahali hapo ni pana, hivyo majeruhi aweza kusimama, akazungumza, akalalamikia maumivu ya kisogo tu. Pingili zikisogea na kuubana uti huo, pumzi hukatika. Ndiyo maana kumwinua kwa kumshika kichwa, au kumpakia mshikaki kwenye pikipiki kati ya dereva na ndugu yake, kwaweza kuua aliyenusurika ajali.

Mahali pasipo na mashine, utaratibu ni nusu ya tiba. Kanuni iliyochapishwa na watafiti wa Kanada mwaka 2001 humwongoza mtabibu mbele ya majeruhi mwenye fahamu timamu. Akiwa na miaka 65 au zaidi, akiwa ameanguka kutoka urefu wa takribani mita moja au zaidi, au akihisi ganzi mikononi au miguuni, apigwe picha. Asiye na dalili hizo, na ambaye ajali yake ilikuwa nyepesi, aombwe kugeuza shingo nyuzi 45 kila upande. Akishindwa, naye apigwe picha. Eksirei inayopigwa kinywa kikiwa wazi huonyesha pingili hizo mbili, ingawa CT scan huona zaidi. Mavunjiko mengi hupona kwa kola ngumu au pete ya chuma inayoshikilia kichwa kwa miezi mitatu hivi. Yasiyo imara huhitaji upasuaji.

Upasuaji wa namna hiyo hutafutwa katika hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Lakini Kaliua iko zaidi ya kilomita 100 magharibi ya Tabora, na Tabora yenyewe iko mbali na Dar es Salaam. Mashine ya mjini haimfai aliyevunjwa shingo mara ya pili na mikono ya wema kijijini.

Kwa hiyo nawaambia watumishi wa halmashauri: kabla ya kuhesabu mashine, hesabuni kola, ubao wa kubebea majeruhi na madereva wa bodaboda waliofundishwa kuutumia. Wanaharakati nao waulize fungu hilo liko wapi katika bajeti. Nchi iliyojengwa juu ya shingo za wapagazi inadaiwa angalau hilo.