Wimbo kwa Njia ya Posta: Historia Fupi ya Utunzi wa Mbali

Wimbo hugawanyika katika sehemu ambazo zaweza kutoka kwa watu tofauti: maneno, mahadhi, yaani sauti ya kuimbia maneno hayo, na upigaji wa ala. Mgawanyo huo ndio uliowawezesha wanamuziki wanaoishi mbalimbali kutunga pamoja muda mrefu kabla ya intaneti, na historia ya ushirikiano wao nchini Uingereza na Marekani hueleweka vyema kwa kuangalia ni sehemu gani ya wimbo iliyoweza kusafiri katika kila kipindi.

Maneno yalitangulia, kwa kuwa karatasi ilitosha kuyabeba. Mwaka 1967 kampuni ya Liberty Records iliweka tangazo la kutafuta vipaji katika jarida la New Musical Express, na miongoni mwa waliojibu walikuwamo mpiga piano Reginald Dwight, ambaye baadaye alijulikana kama Elton John, na kijana Bernie Taupin kutoka mashamba ya Lincolnshire. Dwight, aliyekuwa hodari wa mahadhi lakini mzito wa maneno, alikabidhiwa bahasha ya mashairi ya Taupin, akaanza kuyatia mahadhi kabla hawajaonana. Hata walipokuja kuishi nyumba moja hawakubadili utaratibu, kwani mmoja aliandika chumbani mwake na mwingine akatunga penye piano.

Sauti yenyewe ilianza kusafiri kwa urahisi baada ya 1979, kampuni ya TEAC ilipotoa Portastudio, mashine ndogo iliyorekodi njia nne kwenye kaseti ya kawaida. Njia ni ukanda mwembamba wa utepe unaorekodiwa peke yake na kusikika pamoja na nyingine. Mwanamuziki asiye na fedha za studio aliweza kurekodi gitaa katika njia moja, akaziacha nyingine tupu, kisha akamtumia mwenzake kaseti ili aongeze sauti yake, mradi naye awe na mashine ya aina hiyo. Hata hivyo, kila nakala iliongeza mvumo, na mashine mbili zilipopishana mwendo, wimbo ulipanda au kushuka.

Kasoro hizo ziliondolewa na kanda ya kidijitali iliyoitwa DAT, iliyoanza kuuzwa mwaka 1987, ambayo huhifadhi sauti kwa tarakimu na hivyo hunakiliwa bila kufifia. Kwa kanda hizo Jimmy Tamborello wa Los Angeles alimtumia Ben Gibbard wa Seattle midundo aliyoitengeneza, naye Gibbard akaikatakata na kuipanga upya, akaongeza maneno na sauti, kisha akairudisha kwa posta. Wakajiita The Postal Service, na albamu yao, Give Up, ilitolewa mwaka 2003 na Sub Pop, kampuni ya kujitegemea ya Seattle. Shirika la posta la Marekani lililalamikia jina hilo, lakini baadaye liliafikiana nao walitumie kwa sharti la kusaidia kuitangaza posta.

Wakati huo intaneti ilikuwa imekwisha kuanza kuchukua nafasi ya bahasha. Dakika moja ya muziki wenye ubora wa CD huhitaji takriban megabaiti 10, mzigo mzito kwa laini za simu za miaka ya 1990, lakini mfumo wa MP3 uliweza kuupunguza hadi karibu sehemu moja ya kumi. Mwaka 2004 mghani Phonte wa North Carolina na mtengenezaji wa midundo Nicolay wa Uholanzi, waliojiita The Foreign Exchange, walitoa albamu ya Connected waliyoikamilisha kwa kutumiana mafaili, bila kukutana ana kwa ana.

Kupiga ala pamoja kwa wakati mmoja kupitia mtandao kungali kugumu, kwa sababu sauti ikichelewa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde wapigaji hupotezana. Utunzi haukuzuiwa na tatizo hilo, kwa kuwa hufanywa kwa zamu, na wote waliotajwa hapa walifaulu kwa sababu kila mmoja alijua sehemu yake na akamwachia mwenzake nafasi ya kuijaza iliyobaki.