Nyumba Kwanza, Shamba Baadaye: Maadili ya Uongozi na Mkakati wa Ukuaji wa Kampuni Kubwa katika Historia ya Quitunda, Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya Quitunda, kijiji kilichojengwa wilayani Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ili kuwapokea wananchi waliohamishwa kupisha mradi wa gesi asilia wa Rasi ya Afungi. Hoja inayotetewa ni kwamba maadili ya kampuni kubwa hayapimwi kwa uzuri wa kanuni zake zilizoandikwa, bali kwa mpangilio wa utekelezaji wake: kipi hukamilishwa kwanza, kipi huahirishwa, na nani hubeba hasara ya kuahirishwa huko.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko Petroleum ya Marekani ilitangaza ugunduzi wa gesi asilia katika Eneo la 1 la Bonde la Ruvuma, baharini mkabala na Palma. Miaka miwili baadaye, takriban hekta 7,000 za Rasi ya Afungi zilitolewa kwa ajili ya mradi chini ya haki ya kutumia na kunufaika na ardhi, inayofahamika kwa kifupisho cha Kireno, DUAT. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa na vijiji kama Quitupo na Milamba, mashamba ya mihogo, minazi na mikorosho, makaburi ya wazee, na pwani ambako wanaume walivua samaki na wanawake walichokoa pweza na kuokota kombe maji yalipokupwa. Zaidi ya kaya 500 zilipangiwa kuhamishiwa Quitunda.

Tafiti nyingi kuhusu Cabo Delgado zimejikita katika vita na katika thamani ya gesi yenyewe. Suala la uongozi wa kampuni, yaani namna maamuzi yanayofanywa Houston, Paris au Maputo yanavyogeuka kuwa kalenda ya maisha ya mkulima wa Palma, halijapewa uzito unaostahili. Makala haya yanalitazama suala hilo kihistoria.

2.0 Urithi wa Kampuni ya Niassa

Afungi si mara ya kwanza kwa pwani hii kuwekwa mikononi mwa kampuni kubwa. Mwaka 1887 Ureno iliitwaa kwa nguvu Ghuba ya Tungi, iliyokuwa ikidaiwa na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1891 ikatoa hati ya kuanzishwa kwa Kampuni ya Niassa, iliyopewa mamlaka juu ya nchi yote iliyo kati ya mito Ruvuma na Lúrio. Kampuni hiyo ilitoza kodi ya kibanda, ililazimisha watu kufanya kazi na kusimamia biashara, huku hisa zake zikipita kutoka kundi moja la wawekezaji wa Ulaya hadi jingine. Watu wengi walivuka Ruvuma na kukimbilia Tanganyika. Ilipoondolewa mwaka 1929, iliacha nyuma maendeleo machache mno.

Ulinganisho huu una mipaka yake, na mipaka hiyo haina budi kutajwa. Kampuni ya Niassa ilikuwa dola ndani ya dola. Kampuni za gesi za leo hufanya kazi chini ya sheria za nchi huru. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 inatambua haki za jamii zinazomiliki ardhi kwa mila na desturi. Kanuni ya Agosti 2012 kuhusu uhamishaji unaotokana na shughuli za kiuchumi inataka hali ya maisha ya wanaohamishwa iwe sawa na ya awali au bora zaidi. Tofauti kati ya nyakati hizi mbili, basi, haiko katika ukubwa wa kampuni. Iko katika kuwapo kwa kipimo cha kisheria ambacho kampuni inaweza kuhukumiwa nacho.

Hata hivyo, jambo moja limedumu katika nyakati zote mbili: umiliki hubadilika haraka kuliko wajibu unavyotimizwa. Tarehe 18 Juni 2019 Anadarko na washirika wake walitangaza uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, wenye thamani ya takriban dola bilioni 20 za Marekani. Ilipofika mwisho wa Septemba mwaka huohuo, hisa ya Anadarko ya asilimia 26.5, pamoja na uendeshaji wa mradi, ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Total ya Ufaransa kwa dola bilioni 3.9. Familia za kwanza zilikuwa ndiyo kwanza zinahamia Quitunda. Aliyeahidi aliondoka, aliyeahidiwa alibaki palepale.

3.0 Mpangilio wa Ahadi

Quitunda ni kijiji cha nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari, chenye barabara, shule na kituo cha afya. Kwa kipimo cha majengo, ahadi ilionekana kutimizwa, na si haki kuidharau: nyumba ya kudumu ni mali yenye thamani kwa familia yoyote. Lakini mkulima haishi kwa nyumba. Kila kaya iliyohamishwa iliahidiwa pia shamba mbadala la hekta 1.5, na ahadi hiyo ilichelewa kwa miaka. Mashamba hayo yalitarajiwa kupatikana katika ardhi ya jamii jirani, nazo zilikuwa na haki zake na madai yake ya fidia. Wavuvi nao walijikuta mbali na pwani waliyoizoea.

Chanzo cha ucheleweshaji huu kimo katika mantiki ya mkakati wa ukuaji. Mradi wa gesi huanza kulipa pale tu gesi inapouzwa, kwa hiyo kila mwezi wa kusubiri ni gharama. Kipengele kinachozuia ujenzi, yaani watu kuendelea kukaa ndani ya eneo la mradi, hupewa kipaumbele cha kwanza. Kipengele kisichozuia ujenzi, yaani shamba la aliyekwisha kuhama, husogezwa mbele. Si lazima awepo kiongozi mwovu ili matokeo haya yatokee. Kalenda ya mradi inatosha kuyaleta. Ndiyo maana kanuni za maadili zisizogusa kalenda hubaki kuwa mapambo.

4.0 Vita na Kusimama kwa Mradi

Uasi wa kutumia silaha ulianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Tarehe 24 Machi 2021, siku ileile Total ilipotangaza kurejea kazini hatua kwa hatua, mji wa Palma ulishambuliwa. Maelfu ya wakimbizi walimiminika Quitunda, na kijiji kilichojengwa kwa ajili ya waliohamishwa na mradi kikawa kimbilio la waliohamishwa na vita. Tarehe 26 Aprili kampuni ilitangaza kuwapo kwa dharura isiyozuilika, ikawaondoa wafanyakazi wake na kusimamisha mradi.

Kwa lugha ya mikataba, dharura isiyozuilika humpa mwekezaji nafuu: wajibu wake husimama mpaka hali itengemae. Mwanakijiji hakuwa na kifungu cha namna hiyo. Hakuweza kusimamisha njaa, wala kurudi katika shamba alilokwisha kuliachia. Hapa ndipo udhaifu wa mpangilio ulipodhihirika. Laiti shamba lingetangulia nyumba, hatari ya vita ingekuwa kubwa vilevile, lakini familia zingeikabili zikiwa na haki ya ardhi iliyokamilika badala ya kuwa na madai.

Uhusiano kati ya kampuni na jeshi ulizidisha ugumu huo. Ripoti iliyoandaliwa na Jean-Christophe Rufin kwa ombi la TotalEnergies, na kuchapishwa mwaka 2023, ilishauri pamoja na mengine kwamba uhusiano wa moja kwa moja kati ya mradi na jeshi la Msumbiji ukomeshwe, na kwamba utekelezaji wa haki za waliohamishwa uharakishwe. Kampuni iliichapisha ripoti hiyo na kutangaza kuundwa kwa mfuko wa maendeleo wenye bajeti ya dola milioni 200. Mfuko huo ulipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tunaweza. Mnamo Novemba 2025 kampuni ilitangaza kuiondoa hali ya dharura.

Jina hilo linastahili kuzingatiwa. Linakiri kwamba Kiswahili kinaeleweka Palma, sambamba na Kimwani na Kimakonde. Lakini lugha rasmi ya sheria na mikataba nchini Msumbiji ni Kireno. Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za SADC, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake. Lugha inayofaa kuupamba mfuko inafaa pia kuandikia fomu ya fidia.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Wahenga walisema ahadi ni deni. Historia ya Quitunda inaonyesha kwamba deni hilo huwa salama pale tu linapopewa tarehe na mdhamini. Funzo hili linahusu eneo zima: bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na mradi wa gesi unaotarajiwa Lindi, yote yanategemea ardhi ya wakulima.

Mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, serikali zisiruhusu kaya yoyote kuhamishwa kabla shamba lake mbadala halijapimwa, halijaridhiwa na jamii mwenyeji na kukabidhiwa. Pili, hisa za mradi zinapouzwa, ahadi kwa jamii ziorodheshwe katika mauziano kama madeni, na fedha za kuzitimiza zitengwe katika akaunti isiyoathiriwa na kusimama kwa mradi. Tatu, kila hati inayotiwa saini na mwananchi iandikwe pia katika lugha anayoisoma au kusomewa.

Mapendekezo haya yataongeza gharama za mwanzo, na yatachelewesha ujenzi kwa miezi kadhaa. Lakini gharama hiyo ilikuwapo tangu awali. Palma, ilibebwa na wale waliokuwa na uwezo mdogo kabisa wa kuibeba.