Spea bila upepo: historia fupi ya mashine zisizotakiwa kuzima

Nimekuwa kimya kidogo, mambo ya semista mnayajua wenyewe. Leo nawaletea historia, ila si ya wafalme wala vita. Ni historia ya mashine ambazo hazitakiwi kuzima hata dakika moja, na jinsi watu walivyohangaika nazo. Najua wale wa sosholojia mtasema hayo ni ya watu wa kompyuta. Vumilieni, mwishoni mtaona yanawahusu.

Tuanzie Marekani, mwaka 1958. Jeshi la anga la huko lilianza kutumia mfumo ulioitwa SAGE, kazi yake kukusanya taarifa za rada na kuangalia kama ndege za Wasovieti zinakuja. Kompyuta zake zilitengenezwa na IBM, na kila moja ilikuwa na makumi ya maelfu ya valvu, zile taa za vioo zilizokuwa ndani ya redio za wazee wetu. Valvu huungua, hilo kila mtu alilijua. Sasa utailindaje nchi kwa mashine ambayo una hakika itaharibika? Wakaweka kompyuta mbili mbili kwenye vituo. Moja inapiga kazi, ya pili inasubiri mwenzake aanguke.

Ni sawa na tairi la spea kwenye daladala. Tatizo ni gharama: unanunua mbili, unatumia moja. Jeshi linaweza, mfanyabiashara anaanza kukuna kichwa.

Mwaka 1974 James Treybig na wenzake wakaanzisha kampuni ya Tandem huko California, na mashine yao ya kwanza ikaenda Citibank mwaka 1976. Ndani yake mlikuwa na prosesa kuanzia 2 hadi 16, na zote zilifanya kazi, hakuna iliyokaa bure. Kila prosesa ilikuwa ikizitumia nyingine ujumbe mfupi wa kusema "nipo hai". Ikinyamaza, mwenzake anapokea kazi pale pale ilipoishia, maana alikuwa anapewa taarifa hatua kwa hatua. Kwa hiyo mambo mawili yakakaa ndani ya sanduku moja: kugawana mzigo wakati wa uzima, na kupokeana mzigo wakati wa msiba.

Mwaka 1985 Jim Gray, mtaalamu aliyekuwa Tandem, akachunguza kwa nini mashine za wateja wao zilikuwa bado zinasimama. Vifaa vilivyoharibika vilichangia asilimia 18 tu. Asilimia 42 ilitokana na wanadamu wanaoziendesha na kuzitunza! Vyuma vilishajifunza kupokeana, watu bado.

Somo chungu zaidi lilikuja tarehe 15 Januari 1990 kwenye simu za masafa marefu za AT&T. Mtambo mmoja New York ulipata hitilafu ukajiwasha upya, kama ulivyofundishwa. Uliporudi, ujumbe wake ukaamsha kosa lililojificha kwenye programu za mitambo jirani, nayo ikajizima na kujiwasha, ikaangusha mingine. Mitambo yote 114 ilikuwa na programu ile ile. Takriban saa 9 za vurugu. Jamani, mitambo 114 yenye ugonjwa mmoja haina tofauti na mtambo mmoja.

Halafu ukaja wavuti. Mwaka 1994 kituo cha NCSA, pale Chuo Kikuu cha Illinois walikotengeneza kivinjari cha Mosaic, tovuti yao ilizidiwa na wageni. Wakaweka seva kadhaa, na ule mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa namba ukawa unawapeleka wageni kwa zamu: wewe seva ya kwanza, wewe ya pili. Mzigo ukagawanyika, lakini zamu haijui nani amekufa. Seva ikizima, wageni wanaendelea kuelekezwa kaburini. Ndiyo maana baadaye vikaja vifaa na programu, mfano HAProxy ya Mfaransa Willy Tarreau, zinazokaa mlangoni na kuikagua kila seva kabla ya kuipa mtu. Na huyo bawabu naye anatakiwa awe na pacha.

Kwetu je? Februari 2012 nyaya tatu za intaneti zilikatika Bahari ya Shamu. Mawasiliano yakahamishiwa kwenye waya wa TEAMS unaotua Mombasa. Siku chache baadaye meli ikashusha nanga nje ya Mombasa, ikaukata na huo! Na Mei 2024, SEACOM na EASSy zikakatika siku moja, Tanzania tukaumia sana. Nyaya mbili zinazopita njia moja ni kama spea mbili kwenye buti moja. Likiibwa buti, zimekwenda zote.

Sasa kwa nini nawasumbua na haya? Kwa sababu siku hizi usajili wa kozi, ada na matokeo vyote viko kwenye seva. Yule ambaye boom limechelewa anaingia siku ya mwisho, pamoja na maelfu wenzake, na mfumo unagoma. Anayekosa mtihani ni yeye, seva haina cha kupoteza.

Naomba viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wakienda vikaoni wasiulize tu kama kuna seva ya akiba. Jibu litakuwa ipo. Waulize mara ya mwisho ile kuu ilizimwa lini makusudi, mchana kweupe, ili kuona kama ya pili inapokea. Na kama inaweza kubeba mzigo wote peke yake siku ya mwisho ya usajili. Spea isiyowahi kujaribiwa huwezi kujua kama ina upepo mpaka upo porini usiku.

Kwa leo naishia hapa, kuna test kesho. Karibuni tubishane.